Manjano Kwenye Kucha

Mwenzameza alimchambulia jaji mstaafu samaki wake kwa vidole vya mpira, akaitenga miiba pembeni, akausogeza mnofu mnono upande wa mzee. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu zote, akauliza, "Na wewe, mheshimiwa, ukamjibuje?"

Jaji alikuwa anangoja kuulizwa hivyo. Alicheka mpaka miwani ikamteleza puani, akasimulia kesi ile mwanzo mpaka mwisho, na katikati ya kusimulia akaagiza sahani nyingine.

Hapo ni Sayari ya Saba, mgahawa unaozunguka polepole juu ya mnara mrefu kuliko yote Dar es Salaam, na ni Jumapili mchana. Chini, bodaanga zilipishana kama nzi juu ya embe. Ndani kila meza yenye mlaji mmoja ilikuwa na mwenzameza wake. Watu wa jiji hili wamejifunza kuvumilia mengi, joto, foleni za angani, maji ya bahari yaliyosafishwa mpaka yakapoteza ladha, lakini kula peke yao hawajajifunza. Mtu akila peke yake hula haraka, kichwa chini, utadhani chakula amekiiba, halafu anaondoka. Kampuni ya Jamvi iliona hilo kabla ya wengine. Ikatengeneza mashine yenye kiwiliwili cha mtu, mikono miwili na sauti nzuri, ambayo haili hata punje. Kazi yake ni kukaa mbele yako, kuchambua, kusogeza, kuuliza na kusikiliza. Na inakumbuka. Ukirudi baada ya mwaka itakuuliza habari za goti lako.

Aliyeibuni alikuwa meza ya dirishani na mumewe. Mhandisi Shemsa, mwanamke mrefu, mwenye macho makali na subira ndogo. Mume anaitwa Kheri, fundi wa lifti za maghorofa, mtu wa maneno ya taratibu na mabega mapana.

"Umeona alivyomsogezea?" Shemsa alinong'ona, jicho kwa jaji. "Ile ni hesabu ngumu, Kheri. Mkono uusikie mnofu bila kuuponda."

"Nimeona."

"Hata hukutazama."

"Nimetazama, mke wangu. Kazi nzuri." Kheri aliuchoma uma kwenye kipande cha samaki aliyepambwa na majani asiyoyajua. "Halafu leo asubuhi kazini, kule mnara wa..."

Shemsa alinyoosha kidole cha shahada. Subiri. Kisikizi kilikuwa kimelia sikioni mwake. Kuna mwenzameza wa meza ya kumi na mbili alikuwa anarudia swali moja. Shemsa alitoa maelekezo, akahoji, akatoa maelekezo tena. Alipomaliza, Kheri alikuwa anatazama nje.

"Ulikuwa unasema?"

"Basi tu. Ilikuwa kitu kidogo."

Tuseme ukweli, Shemsa hakumleta mumewe pale kwa mapenzi matupu. Alimleta kwa sababu tangu masika yaishe, Kheri alikuwa anarudi nyumbani na neno moja: nimeshakula. Jiko la nyumbani lilikuwa jikojanja, linapika lenyewe kwa saa iliyopangwa na kufunika chakula kwa joto lake. Chakula kilikaa pale kimefunikwa mpaka asubuhi. Shemsa naye mara nyingi alikula kwenye maabara, amesimama, mkono mmoja kwenye kioo cha hesabu. Hilo hakulihesabu. Alichohesabu ni sahani ya mume iliyolala bila kuguswa.

Alitaka kumwonyesha chakula kinafananaje. Akamtazama anavyokula pale Sayari ya Saba, kwa uma, taratibu, kama mgonjwa anayemridhisha muuguzi. Ndipo macho yake yakashuka kwenye vidole. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa za manjano.

Bizari. Bizari ya mchuzi, ile inayoganda kwenye kucha za mtu aliyekula kwa mkono, na kula kwa raha.

"Jana mchana ulikula wapi?" aliuliza.

"Kazini."

"Kazini kwenu mnapewa vikopo. Vikopo mnakula kwa mkono?"

Kheri aliutazama mkono wake, akaushusha chini ya meza. Jamani, wanaume! Angeuacha pale juu, pengine yasingekuwa makubwa.

"Kuna mama mmoja anapika," alisema.

"Mama gani?"

"Mama tu, Shemsa. Kula, chakula kinapoa."

Chakula hakikupoa, sahani za Sayari ya Saba hazipoi. Lakini ndani ya Shemsa kitu kilikuwa kimeanza kuchemka.

*

Mume kuchelewa, mke atagomba na yataisha. Lakini mume kurudi ameshiba chakula cha mwanamke mwingine, hilo linaingia ndani kabisa, kwa sababu chakula hakiliwi kwa bahati mbaya. Mtu anakaa, ananawa, anatengewa. Kuna mtu anajua anapenda ndimu kiasi gani.

Kesho yake Shemsa alimweleza Tunu, mwenzake wa maabara, mdogo kidogo kwa umri na mkubwa sana kwa mdomo. Alieleza kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa. Tunu hakudanganyika.

"Dada, nikwambie? Anayerudi na harufu ya manukato ana mchezo. Anayerudi na harufu ya nazi ana nyumba."

"Mdomo wako huo, Tunu."

"Umeniuliza, nimejibu. Pole, dada yangu."

Shemsa hakulala vizuri wiki ile. Alimwona mwanamke huyo kwa macho ya moyoni, na kila siku akamwongezea uzuri: mweupe kidogo, mnene wa wastani, dimpo upande mmoja, sauti ya kubembeleza. Alimvalisha dera. Alimpa kicheko. Alimchukia mpaka kile kicheko ambacho alikuwa amemtungia mwenyewe.

Mwishowe alifanya alivyozoea kufanya anapokwama: alichukua kifaa. Pale maabara walikuwa na kinusi, kidude kidogo kama kiberiti, kinachonusa nyama na kusema ina siku ngapi. Alikitia mkobani, akaenda nacho nyumbani, na Kheri alipoingia kuoga akakipitisha kwenye shati lake, kola, kifua, mkono wa kulia. Kioo kikaandika: samaki changu. Tui la nazi. Bizari. Ndimu. Bamia. Moshi wa mkaa.

Akaketi kitandani na shati mapajani. Mkaa! Mkaa ulishapigwa marufuku jijini siku nyingi. Migahawa michache tu ya Magomeni ilipewa ruhusa ya kupikia mkaa, ili mapishi ya zamani yasipotee. Kwa hiyo mwanamke alikuwa Magomeni. Sasa alikuwa na mtaa.

"Mbona umekaa na shati langu?" Kheri alitokeza, taulo begani.

"Nalifua."

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Kuna ubaya?"

Kheri alimtazama, akataka kusema neno, kisikizi kikalia, na kidole cha Shemsa kikanyanyuka chenyewe. Kheri akaenda kuvaa.

*

Jumatano mchana Shemsa alipanda bodaanga mpaka Magomeni. Dereva alimshusha kwenye paa la soko, naye akateremka kwa miguu, kavaa miwani ya jua na viatu visivyofaa kwa mtaa ule. Mgahawa wa kwanza, hayupo. Wa pili walikuwa wanauza supu tu. Wa tatu ulikuwa na kibao kilichoandikwa kwa mkono, Kwa Mama Sikujua, na moshi wake ulimfikia kabla hajafika mlangoni. Mkaa, nazi, ndimu. Hakuhitaji kinusi.

Mlango ulikuwa na pazia la shanga. Alijibanza kando yake, akachungulia.

Kheri alikuwa meza ya pembeni, amekunja mikono ya shati, sahani ya wali na changu wa nazi mbele yake. Na mbele ya sahani, mgongo wake ukiwa mlangoni, amekaa mwanamke. Amejitanda kanga ya rangi ya zambarau mpaka usoni, na mikono yake imevaa glavu nyeusi, kama wafanyavyo wanawake wenye kujistiri sana. Kumbe na ucha Mungu juu!

"...basi lifti imekwama kati ya ghorofa na ghorofa," Kheri alikuwa anasema, na mikono yake ilikuwa hewani. Shemsa hakukumbuka mara ya mwisho aliiona mikono ile hewani. "Mimi niko juu ya paa lake, nimening'inia. Nafungua kidirisha, nachungulia. Naona nini? Bibi harusi, shangazi yake, na mbuzi."

"Mbuzi!" mwanamke alishangaa.

"Mbuzi mzima, na kamba shingoni."

Mwanamke akacheka. Mkono wa glavu ukaenda kwenye sahani, ukachambua, ukausogeza mnofu wa mgongoni, ule mzuri kuliko wote, upande wa Kheri. Ukausukuma kwa ncha ya vidole mara mbili, taratibu.

"Enhe, ikawaje?" akauliza.

Sauti ile! Shemsa aliijua. Hakujua ni ya nani, lakini alishaisikia, na hilo lilimchoma zaidi, maana sasa hakuwa mwanamke wa mbali tena. Ni mtu wa karibu. Akawapitia kichwani haraka haraka: binamu yake wa Tandika, jirani wa zamani, yule rafiki aliyemsimamia harusi. Nyoka gani huyu?

Wewe msomaji huenda umeshajua. Yeye, mhandisi mzima, hakujua. Wivu ulikuwa umemziba kila mahali.

Alipasua shanga akaingia.

"Wewe mwanamke! Huna haya?" Sauti yake iligonga sufuria. "Mume wa mtu unamchambulia samaki mchana kweupe?"

Kheri alisimama. "Shemsa, ngoja..."

"Nimengoja vya kutosha!" Akaikamata kanga ya zambarau, akaivuta kwa nguvu zake zote.

Kanga ilikuja na kipande cha gundi. Chini yake hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na kichwa cha mpira wa kijivu, bila nywele, bila uso wa kumalizia, kimechanika kisogoni na kuzibwa kwa kiraka cha tairi la baiskeli. Kifuani, muhuri wa Jamvi. Toleo la Kwanza.

Kichwa kikamgeukia. "Karibu, dada," kikasema kwa ukunjufu. "Nawa mikono, ule. Nafasi ipo."

Mgahawa mzima uligeuka kutazama. Halafu kijana mmoja wa meza ya nyuma akapiga kofi. "Jamani, kafumania mpira!" Basi ikawa vicheko, vijiko vinagongwa, mtu anapaliwa na pilipili. Mama Sikujua alitoka jikoni na mwiko, mwanamke mfupi, mpana, jasho tele.

"We mama, unanivunjia mtu wangu wa nini?"

"Mtu wako?"

"Nimemtoa kwenye mtumba huyu, anataka kutupwa. Nikamtia kiraka, nikamfunga kanga kwa sababu kichwa hicho kinatisha watoto. Hajamkosea mtu hapa! Nipe kanga yangu."

Shemsa hakumpa. Alikuwa ameganda, kanga mkononi, anautazama muhuri. Alijua sasa sauti ile ni ya nani. Mtu haijui sauti yake, kwa kuwa huisikia kupitia mifupa ya kichwa chake mwenyewe, wakati wengine huisikia kwa hewa. Jambo hilo alilifundisha kwa wanafunzi kila mwaka.

Zamani, kampuni ikiwa bado chumba kimoja Ilala na deni la umeme, hawakuwa na cha kumfundishia mwenzameza. Mashine kama ile hujifunza kwa kutazama watu wakila, na hakuna mtu aliyekubali kutazamwa. Shemsa akafunga kamera juu ya jamvi la chumbani kwao. Masika yote ile kamera iliwatazama, bibi na bwana wageni kwenye ndoa, wakila sahani moja. Mashine ikajifunza kutoka kwa mwanamke mmoja tu: namna anavyosogeza mnofu, anavyoshangaa, anavyocheka na kuuliza enhe, ikawaje. Matoleo ya baadaye yalilishwa milo ya maelfu ya watu, yakawa na adabu za kila mtu na za mtu yeyote. Toleo la Kwanza likaonekana la kishamba, likastaafishwa. Aliyetia saini litupwe ni yeye.

"Ni mimi," alisema.

"Ndiyo," Kheri akajibu.

"Ulijua?"

"Niliingia hapa siku ya mvua, nijikinge. Nikasikia mtu nyuma anaulizwa ikawaje. Nikadhani umenifuata." Alikaa taratibu. "Nikageuka, nikaona kanga. Nikakaa nikasikiliza mpaka mvua ikaisha."

"Lakini ni mashine, Kheri!"

"Najua ni mashine. Mimi fundi, sijarukwa na akili."

"Basi unafuata nini?"

"Kula."

"Kula! Nyumbani hakuna chakula?"

"Kipo, kimefunikwa." Kheri aliusukuma mwiba mmoja pembeni mwa sahani. "Sina siri hapa, Shemsa. Muulize huyo, kila kitu anacho. Namwambia habari za siku. Lifti gani imekwama, nani kanitukana, nani kanishukuru. Nikija nazo kwako, unanifanyia hivi." Akanyoosha kidole cha shahada. "Hicho kidole. Siku hizi nakiona kuliko uso wako."

Watu walikuwa wameacha kucheka. Walikuwa wanasikiliza, na hawakuficha.

Ungetegemea Shemsa aone haya, na haya aliona. Lakini chini ya haya wivu ulikuwa palepale, na umekua. Mwanamke wa dimpo angempiga, angemtukana, angemtangaza mtaa mzima. Huyu amfanyeje? Huyu ana mkono wake, ana kicheko chake cha wakati ule, na subira ambayo yeye hana tena. Miaka yake mizuri ilikuwa imekaa kwenye kigoda cha mgahawa, inawachambulia watu samaki.

"Kunja jamvi," alisema kwa ukali.

Hilo ndilo neno la kuwazima wenzameza, wanalijua wahandisi peke yao. Mikono ya glavu ikashuka mapajani, kichwa kikainama, kikatulia.

"Umemuua!" Mama Sikujua akashika kiuno.

"Amelala. Nisaidie nimsogeze." Aliisukuma mashine na kigoda chake mpaka ukutani, akavuta kiti, akaketi mahali pake. Akachomoa kisikizi sikioni, akakiweka karibu na maganda ya ndimu. Akanawa. "Haya, mume wangu. Mimi hapa. Tule."

Walikula. Samaki yule alikuwa mtamu, tusidanganyane. Sayari ya Saba hawajawahi kumpika hivyo. Shemsa hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwenye mnofu uliosogezwa upande wa Kheri, vikaunyanyua, vikautia kinywani. Alikuwa ameshameza nusu alipoona mkono wa Kheri umesimama hewani, ulikuwa unaufuata mnofu ule ule.

"Yala!" alisema, mdomo umejaa. "Samahani."

"Kula tu. Una njaa."

Alimeza. Akatafuta mnofu mwingine, akakuta miiba. Akamtazama Kheri, akainamisha kichwa kidogo, akatabasamu.

"Enhe," akasema, "ikawaje?"

Ilitoka vibaya. Aliisikia mwenyewe, nyembamba, ya kuigiza, na wote waliokuwa pale waliisikia. Yule wa ukutani aliisema vizuri zaidi.

Kheri alitabasamu pia, tabasamu la mgonjwa anayemridhisha muuguzi, kama kule Sayari ya Saba. "Usijilazimishe, mke wangu."

Akainuka kwenda bombani kunawa. Na mtu akishanawa amemaliza. Harudi tena sahanini. Shemsa alijua. Alibaki na sahani mbele yake, na machozi yakaanza kumuuma puani. Zaidi ya yote, alimwonea wivu mtu asiyekuwapo tena, yule bibi wa kwenye jamvi.

"Samahani, dada." Bwana mmoja mwenye sare ya ulinzi alikuwa amesimama kando yake, sahani ya wali mkononi. Kumbe alikuwa anangoja zamu yake muda wote ule. "Mimi sasa nitakula na nani?"

"Na wenzako si hao?"

"Wamekuja wawili wawili." Alisema bila kulalamika. "Nalinda ghala, peke yangu usiku kucha. Hapa ndipo nasema neno la kwanza la siku."

Shemsa alimtazama yule mlinzi, akaitazama na mashine. Angeweza kukataa. Ilikuwa sauti yake.

"Tandika jamvi," alisema.

Kichwa cha mpira kikanyanyuka. Mlinzi akavuta kiti mpaka ukutani, na kabla hajakaa vizuri mwenzameza alishauliza, "Umechelewa leo. Yule jirani mwenye jogoo, enhe, ikawaje?"

Pale bombani, Kheri akageuza kichwa.

Aligeuka haraka, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Shemsa alimwona akigeuka. Alimwona pia akikumbuka na kurudisha macho kwenye maji. Wala hakupanga alichosema. Kilimtoka kwa sauti ya hasira, mgahawa mzima ukasikia.

"Na yule mbuzi?"

Kheri alifunga bomba. "Mbuzi gani?"

"Wa kwenye lifti! Na bibi harusi na shangazi. Umewaacha wamening'inia hapo tangu saa hizo! Walitoka? Na walimpandishaje mbuzi ghorofani, askari wa mlangoni hawana macho?"

"Ulisikia?"

"Nilikuwa nimejibanza mlangoni kama kibaka, nisisikie?"

Kheri alimtazama. Maji yalikuwa yanamdondoka vidoleni, na kucha bado za manjano, maana bizari haitoki kwa maji matupu. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akitembea, akarudi mezani na mikono yake iliyokwisha kunawa, akavuta kiti akaketi, akatia mkono sahanini tena.

"Mbuzi alikuwa zawadi ya mjomba," alisema. "Wamemfunga shela ya akiba, wamempitisha mlangoni kama bibi mgonjwa. Askari akampisha, akamwambia shikamoo!"

"Acha uongo!"

"Haki ya Mungu. Sasa mle ndani, katikati ya giza, bibi harusi anasikia kitu kinamvuta maua mkononi..."

Shemsa alinyoosha kidole cha shahada.

Kheri akanyamaza papo hapo. Mikono yake ikashuka kutoka hewani, uso ukaanza kufunga.

"Subiri," Shemsa alisema, akatupa jicho kule ukutani, kwa yule mwenye kichwa cha mpira asiyesahau kitu anachosikia. Akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. "Sema polepole. Yule asisikie."